Shinji alipona au hakupona?

Muvi iliisha kama saa sita kasoro usiku. Mpwa wangu, aliyekuwa amepita kwangu likizo ya chuo, alibaki ameikodolea macho laptopu niliyoiweka juu ya stuli, kama abiria anayesubiri chenji yake kwa konda. Haikuja. Kioo kilikuwa cheusi, na sebuleni kilichosikika ni feni tu.

"Mjomba," akasema mwishowe, "sasa huyu Shinji alipona, au hakupona?"

Nimebishana na watu kuhusu *Neon Genesis Evangelion*, katuni ya Kijapani ambayo Shinji ndiye mhusika wake mkuu, kwa zaidi ya miaka kumi. Nina majibu ya maswali ambayo yeye hajafika hata kuyauliza: ile mikuki, zile nyaraka, nani alimsaliti nani. Nikafungua mdomo, nikakuta hakuna kitu.

"Kalale," nikamwambia. "Basi lako ni saa kumi na mbili."

Hizo ni wiki tano zilizopita. Yeye alilala. Mimi bado.

## Niliyemkosesha ni mimi

Niseme ukweli wote. Mpwa wangu hakuwa ameona hata episodi moja. Alikuwa na usiku mmoja tu, na mfululizo wenyewe una episodi 26. Nikaamua kwa niaba yake: nikamsimulia kisa chote wakati tunakula ubwabwa, kisha nikamwekea *The End of Evangelion*, dakika 87, nikijiambia kwamba hiyo ndiyo nyama na mengine ni mifupa.

Sikufanya hivyo kwa haraka ya siku hiyo tu. Ndiyo imani niliyoishi nayo miaka yote. Televisheni ilimaliza hadithi tarehe 27 Machi 1996 kwa episodi mbili ambazo hata anayezipenda hukiri kwamba zilimwacha njia panda. Muvi ikaja Julai 19, 1997, ikachukua namba zilezile, 25 na 26, na kuusimulia mwisho upya. Kwangu mimi mambo yalikuwa wazi. Ule wa kwanza ulikuwa mwisho wa kuungaunga, wa watu walioishiwa muda. Huu wa pili ndio mwisho.

Kijana yeyote aliyekuwa akiniuliza aanzie wapi, nilimwambia: vumilia hadi episodi ya 24, hizo mbili za mwisho ruka, nenda kwenye muvi.

Wengine waliniamini. Nawaomba radhi.

## Kiti na taa

Kwa nini nilizidharau zile mbili? Kwa sababu hakuna linalotokea. Dunia iko ukingoni, na badala ya kutuonyesha dunia, Hideaki Anno, aliyeitengeneza, anatuonyesha Shinji, mvulana wa miaka 14, amekaa kwenye kiti cha kukunja, gizani, taa moja imemmulika. Sauti zinamhoji kuhusu Eva, lile roboti kubwa la vita analoendesha. Kwa nini unaendesha Eva? Kwa sababu naambiwa niendeshe. Kwa nini unakubali kuambiwa? Maswali yanazunguka na picha za zamani zinarudiwa. Kuna picha mgando za mitaa, kuna maandishi meusi na meupe yanayopigwa usoni kama vibao, na kuna michoro ambayo ni dhahiri haikumaliziwa.

Halafu ghafla giza linapasuka, Shinji amesimama juu ya kitu kama sayari ya bluu, na watu wote aliowahi kuwajua wamemzunguka. Wanapiga makofi.

Hongera, anasema Misato, mlezi wake. Hongera, anasema Asuka, rubani mwenzake. Hongera, hongera, mmoja baada ya mwingine, na Shinji anatabasamu na kusema asante.

Nilipoiona mara ya kwanza, kwenye faili za flashi niliyoazimwa na rafiki, nilidhani kuna episodi imerukwa. Nilirudi kuhesabu mafaili.

Hongera ya nini? Amefanya nini huyu mtoto?

## Na kweli muvi inajua kazi yake

Sitaki mtu adhani nimeigeuka muvi. Kuna dakika tatu na nusu ndani yake ambazo sijaona mfano wake. Asuka, aliyekuwa amelala kitandani kama maiti tangu mwisho wa mfululizo, anaamka ndani ya Eva yake chini ya ziwa. Kebo ya umeme inakatwa. Amebakiwa na betri ya dakika tatu na nusu, na angani zinazunguka Eva tisa nyeupe, zina mabawa na midomo ya kucheka. Anapiga hesabu mwenyewe kwa sauti: kama sekunde ishirini kwa kila mmoja. Anaanza kuzipasua moja baada ya nyingine, na nyuma unasikia Bach.

Kwenye televisheni pambano kama hilo lisingewezekana. Tukumbuke hali waliyokuwa nayo. Katika episodi ya 22, Asuka na Rei, rubani mwingine, wamesimama ndani ya lifti, na kwa karibu dakika nzima hakuna kinachotikisika zaidi ya kope. Katika ya 24, Eva ya Shinji imemshika Kaworu, rafiki yake, kiganjani, na picha inasimama hivyohivyo, Beethoven anaimba, dakika inapita, na wewe unajua mkono ule lazima ufumbe na unaomba usifumbe. Wengine husema ni kubana matumizi, na sidhani wanakosea. Lakini mimi ile dakika ya kiganja nimeibeba mwilini kuliko risasi zote za muvi.

Mpwa wangu hakuipata dakika ile. Nilimsimulia: "halafu anamuua rafiki yake." Maneno manne, mdomo umejaa ubwabwa.

(Nikiwa hapohapo kwa Kaworu: mfululizo ulipoingia Netflix mwaka 2019, mashabiki wa Kiingereza walipigana vikumbo kuhusu neno moja analomwambia Shinji, *suki*. Tafsiri ya zamani ilisema ni mapenzi, mpya ikapunguza ikawa *like* tu, yaani kupendezwa. Niliufuatilia ule ugomvi nikicheka peke yangu. Sisi tungeandika "nakupenda" na kila mtu angebeba uzito anaoujua, maana kupenda kwetu kunameza vyote viwili.)

## Roho kuchafuka

Ila swali la mpwa wangu lilihusu mwisho, kwa hiyo wiki ya kwanza nilikaa na mwisho.

Katikati ya muvi, wakati binadamu wote wanayeyuka na kuwa bahari moja, katuni inakatika. Zinaingia picha halisi za kamera: miji, nyaya za umeme, na kisha ukumbi wa sinema, watu halisi wamekaa kwenye viti, wanatazama mbele. Wanatutazama sisi, au sisi ndio wao. Juu yao yanatokea maandishi, ambayo kwa Kiswahili ningeyaweka hivi: *Je, raha?*

Zinapita pia, kwa kasi ya kupepesa jicho, jumbe ambazo mashabiki walimtumia mtengenezaji baada ya ule mwisho wa televisheni. Zimo za vitisho.

Mwanzo nililisoma hilo kama kofi. Mlilia mnataka mwisho wa kweli, haya, tazameni nyuso zenu. Niliwahi hata kulisifu: nilisema Anno amewakomesha. Safari hii, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao alipoitengeneza, nikaona jambo ambalo sikulifurahia. Kukomesha watu waliolipa kiingilio si ushujaa mkubwa kiasi hicho. Na kuna tukio la hospitalini, mwanzoni kabisa, ambalo nililikimbia kwa kujifanya nafuata maji jikoni, kwa sababu nilikuwa nimekaa na mtoto wa dada yangu. Nilipokuwa naishangilia muvi hii na wenzangu wa rika langu, sikuwahi kufuata maji.

Halafu ule ufukwe. Shinji amekataa bahari ya pamoja, amechagua dunia yenye watu wengine ndani yake, watu watakaomuumiza. Anaamka mchangani, bahari nyekundu, Asuka amelala pembeni. Na jambo la kwanza analofanya katika dunia aliyoichagua ni kumkaba Asuka koo.

Asuka anainua mkono uliofungwa bendeji, anampapasa shavuni.

Shinji analegea na kulia. Asuka anasema maneno mawili ya Kijapani, *kimochi warui*, muvi imeisha. Majina ya waliotengeneza yalishapita katikati, kwa hiyo hakuna hata orodha ya kukupa muda wa kufuta macho. Kibao cha "mwisho" tu, basi.

Nimeona yakitafsiriwa kwa namna nyingi: ninajisikia vibaya, inakinaisha, unatia kinyaa. Nilihangaika nayo siku tatu hadi mama mmoja kwenye daladala ya Mbagala akanitatulia bila kujua. Alikuwa amesimama, amebanwa, harufu ya dizeli imejaa, akamwambia mwenzake: "Roho inanichafuka."

Ndiyo hiyo. Kuchafukwa na roho ni kichefuchefu, na pia ni kukerwa hadi ndani, na huwezi kujua kwa hakika mtu anasema lipi mpaka umtazame usoni. *Je, raha?* waliuliza watu wa ukumbini. Roho inanichafuka, anajibu Asuka. Kwa Kijapani swali na jibu vinashikana kwa neno lilelile, *kimochi*. Sikuwahi kuligundua hilo mpaka nilipolazimika kuliweka kwa lugha yangu.

Kwa hiyo alipona? Kwa muvi peke yake, ningemjibu mpwa wangu: hapana. Na angeamini, maana hiyo ndiyo niliyompa.

## Sekunde mbili za Misato

Wiki ya pili nikarudi kwenye zile episodi nilizozidharau. Niliziweka usiku, sauti chini, nikiwa nimeshajiandaa kusinzia.

Katikati ya episodi ya 25, picha ikapita. Nikarudisha nyuma nikaisimamisha.

Misato. Yuko chini kwenye korido, damu imemtoka.

Nikaendelea. Ritsuko, yule mwanasayansi, anaelea kwenye maji. Eva ya Asuka iko chini ya ziwa.

Anayeijua muvi anaelewa kwa nini niliinuka nikawasha taa. Hayo ni matukio ya muvi. Yapo pale, Machi 1996, mwaka mzima na zaidi kabla muvi haijatoka. Yanapita haraka kiasi kwamba anayeitazama televisheni mara moja hawezi kuyashika, na hakuna anayeyaeleza. Ina maana wakati Shinji amekaa kwenye kiti chake cha kukunja akiulizwa maswali, nje ya kile chumba korido zinalowa damu.

Hapo imani yangu ya miaka kumi ikaanza kuyumba kama meza ya mguu mfupi. Nilikuwa nimeamini kwamba muvi iliufuta mwisho wa televisheni na kuandika mwingine. Sasa naona usiku mmoja, nyumba moja: mmoja amesimama nje anasimulia moto, mwingine yuko ndani na mtoto.

Nikatafuta uthibitisho zaidi, na nikaupata pale nilipokuwa nimezoea kuzima. Baada ya makofi, televisheni inafunga kwa maandishi matatu:

Baba, asante.

Mama, kwaheri.

Na watoto wote, hongereni.

Sasa kumbuka muvi. Baba, akiwa mdomoni mwa kifo, hatimaye anasema: nisamehe, Shinji. Mama anaelea na Eva kwenda anga za mbali, na Shinji anamwambia: kwaheri, mama. Vibao viwili vya mwanzo vimo ndani ya muvi, vimepewa mwili na damu.

Cha tatu hakimo. Muvi haikumpongeza mtu.

## Mwalimu wa hesabu

Hapa ndipo nilipokwama, na nitasema kwa nini, ingawa linaniaibisha kidogo.

Darasa la tatu nilikuwa mbovu wa kugawanya kwa njia ndefu. Siku moja nikaitwa ubaoni. Nilishika chaki, nikaandika namba, nikazifuta kwa kiganja, nikaandika tena. Darasa likaanza kuguna. Mwalimu akaacha nihangaike muda mrefu, halafu akasema: "Haya, mpigieni makofi akae."

Wakapiga. Yale ya mpangilio, pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa. Nikarudi kwenye dawati masikio yakiwaka moto. Sikuwa nimepata jibu. Nilijua makofi yale ni ya kunifukuza ubaoni kwa adabu, na toka siku ile sipendi makofi ambayo hayakutanguliwa na jibu sahihi.

Kwa hiyo miaka yote hii, nilipomwona Shinji amezungukwa, nilikuwa nawaona wale watoto wa darasa la tatu. Mpigieni makofi akae. Muda umeisha, hesabu haijatoka, tuendelee.

Nadhani hata waliomwandikia vitisho mtengenezaji walikuwa na mwalimu wao wa hesabu.

Wiki ya tatu nilikuwa kwenye arusi ya jirani. Foleni ya kupongeza imejipanga kama kawaida, kina mama wanacheza na mabox yao ya zawadi, MC anahimiza watu wasogee. Hongera, hongera, hongereni sana. Nikawatazama maharusi. Bwana harusi jasho linamtiririka chini ya koti. Wawili hawa walikuwa hawajafanya lolote bado. Hawajagombana kuhusu hela ya umeme. Hawajauguza mtoto. Na watu mia tatu wamepanga mstari kuwapongeza kwa uzito kana kwamba wamemaliza.

Mwanamke akijifungua tunasema hongera palepale, hatungoji mtoto afaulu kidato cha nne. Aliyetoka jandoni anapewa hongera akiwa bado anatembea kwa kuchechemea.

Hongera yetu husemwa mlangoni.

Niliporudi nyumbani nikaiwasha tena episodi ya 26, bado nimevaa kitenge cha sare.

## Mstari mmoja

Kuna kipande kabla ya makofi ambacho nilikuwa nakiruka. Shinji anaelea kwenye weupe mtupu, kama amechorwa kwenye karatasi na mchoraji akasahau mengine. Anaambiwa: huu ni uhuru. Hakuna kinachokuzuia. Na anahangaika, maana hajui afanye nini.

Kisha unachorwa mstari mmoja chini yake. Sakafu.

Anaambiwa kwamba sasa kuna juu na chini, na kwamba amepoteza uhuru mmoja, kwa sababu sasa lazima asimame. Lakini moyo wake umetulia kidogo. Anaweza kutembea.

Mstari wa penseli. Watu waliokuwa wamekimbizwa na ratiba wamechora mstari mmoja wa penseli, na umeniingia kuliko jeshi lililoivamia Nerv, shirika linalomiliki zile Eva, kwa bunduki na mabomu, tukio ambalo muvi ililichora kwa ustadi wote wa dunia. Bado napenda lile jeshi. Nasema tu ninachokikumbuka nikiwa nimesimama kituoni asubuhi.

Na si mimi peke yangu niliyerudi pale. Anno alianza upya na muvi nne, ya kwanza mwaka 2007, ya mwisho Machi 2021. Sizipendi zote sawa; ile ya 2012 niliimaliza kwa hasira. Lakini ile ya mwisho, karibu na tamati, inamweka Shinji ufukweni, na rangi zinaanza kumtoka. Anakuwa mchoro, kisha mistari, penseli juu ya karatasi. Zaidi ya miaka ishirini na mitano tangu mfululizo uanze, na fedha za kutosha kuchora chochote, mtu huyu alirudi kwenye ile karatasi ya episodi ya 26. Halafu akafungia kituo halisi cha treni, cha Ube, mji aliozaliwa.

Nilipoiona 2021 sikuelewa. Nilisema "grafiki kali sana hapo mwisho" na kwenda kulala.

## Nilichomtumia

Juzi nikamtumia mpwa wangu ujumbe. Niliandika mrefu, nikafuta. Nikaandika: tazama mfululizo wote, toka ya kwanza, usiruke hata ile ya lifti. Ukifika ya 26 usiniulize chochote siku hiyo.

Sikujibu swali lake. Muvi ni asubuhi ya siku inayofuata baada ya hongera: mchanga mdomoni, mkono kwenye koo la mtu, mkono wa mtu shavuni. Lakini nikimwambia hivyo kwa simu atakuwa amesimuliwa tena, na nimeshamsimulia vya kutosha.

Akajibu: "Sawa Mjomba. Bando utanunua wewe?"

Nikanunua.

Jana usiku, saa saba na dakika kadhaa, simu ikalia. Nikashtuka, maana simu ya saa hizo kwetu ni msiba. Ilikuwa sauti ya WhatsApp, ya sekunde tisa. Niliisikiliza kitandani nimeifunika kwa shuka nisimwamshe mama watoto.

"Mjomba, samahani, najua umesema nisiulize. Lakini mbona hata yule pengwini anampongeza?"

Nikaamka kwenda sebuleni kuhakikisha. Kweli. Pen Pen yumo. Amesimama kwenye mduara na wakubwa zake, na zamu yake inapofika, anapiga ukelele.

Miaka yote hiyo, na nilikuwa sijamwona.